Mvua ya Kuchagua

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, kuna pori lenye maziwa zaidi ya 1,000, liitwalo Boundary Waters, linalolindwa na sheria tangu mwaka 1964. Injini zimekatazwa karibu kote. Wako watu ambao likizo yao ni kuingia humo peke yao na mtumbwi. Mtu hupiga kasia kutwa, na ziwa likiisha huubeba mtumbwi mabegani, akapita msituni hadi ziwa jingine. Jioni mvua inanyesha, hufunga turubai kwenye miti, hulala nguo zimelowa. Naye amelipia!

Wengi wetu tutacheka. Mtumbwi, mvua na turubai tunavijua bila kulipa. Lakini je, taabu ya kujitakia ni taabu? Mimi nasema baridi ni ile ile. Maji hayaulizi mtu ametoka wapi, na aliye peke yake akipinduka hana wa kumvuta. Tusimdharau.

Tofauti naiona kwenye kibali. Yeye huomba kibali cha kuingia porini, na akichoka hurudi kwake. Sisi twaomba kibali cha kutoka kambini.

Ndiyo maana nikisikia tukiambiwa kwamba shida ni shule, nasita. Yule wa Minnesota aweza kusema hivyo juu ya mvua yake, kwani shule yake ina siku ya kufunga. Mama aliyevuka Tanganyika usiku na watoto mgongoni, akisema alijifunza jambo, nitamsikiliza. Akinyamaza, mimi simsemei mimbarani.