Aliyezuia Ana Nini cha Kuonyesha?

Wazee wa hapa kambini wakibishana kuhusu mpira, majina wanayotaja ni ya wafungaji. Pelé, Maradona, vijana nao wanaongeza Messi na Mbappé. Sijasikia mtu akipandisha sauti kwa ajili ya beki. Mimi nataka kumzungumzia beki, tena Mjerumani, kwa sababu maisha yake yananisaidia kuuliza swali ambalo sisi wakimbizi tunaishi nalo: mtu ambaye kazi yake ni kuzuia mabaya yasitokee, ana nini cha kuonyesha?

Huyo ni Berti Vogts, aliyezaliwa Büttgen mwaka 1946. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto, akalelewa na jamaa zake. Mwili wake mfupi. Alichezea klabu moja tu katika ligi kuu, Borussia Mönchengladbach, mechi 419, akawa bingwa mara tano. Timu ya taifa aliichezea mara 96 na kuifungia bao moja. Moja tu, jamani! Anayepima watu kwa mabao atasema huyu hakufanya kitu. Wajerumani wenyewe walimpa jina la mbwa mdogo ambaye akishauma haachii.

Siku yake kubwa ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia, Munich, tarehe 7 Julai 1974. Alipewa kazi ya kumfuata Johan Cruyff wa Uholanzi, mchezaji aliyekuwa akisumbua dunia nzima. Ilianza vibaya: dakika ya kwanza Cruyff alimpita, akaangushwa na mchezaji mwingine, ikawa penalti na bao kabla Mjerumani yeyote hajagusa mpira. Dakika chache baadaye Vogts akaonyeshwa kadi ya njano. Lakini hakuachia. Cruyff akafifia polepole, Ujerumani Magharibi ikashinda 2-1. Picha zinazokumbukwa ni za Gerd Müller akifunga. Kuzuia kukifaulu hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakina picha.

Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo. Nani anaweza kuapa kwamba Vogts ndiye aliyemzima Cruyff? Labda Cruyff alichoka tu. Katika zone yetu kuna mama mmoja ambaye kila maji yanapotoka huwa pale bombani. Maneno yakianza, anasogeza dumu la huyu, anamtania yule, anauliza hali ya mtoto wa mwingine. Vijana wanasema, "Mama huyu anafanya kazi gani? Si anakaa tu?" Na kwenye ripoti, penye nafasi ya mafanikio, hakuna cha kuandika juu yake. Utaandika nini? Kwamba hatukupigana? Labda tusingepigana hata bila yeye. Hakuna mwaka wa pili wa kulinganisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini hawakutuambia jambo hili: aliyejenga ukuta anaonekana, aliyeziba ufa anasahauliwa hata na mwenye nyumba.

Kuna atakayenipinga: mbona unasifu kuzuia, wakati sisi tunazuiwa kila siku? Pingamizi hilo ni zito. Mlinzi wa geti anayenirudisha kwa sababu sina kibali naye anazuia. Basi kuzuia peke yake si wema. Mimi napima hivi: naangalia nyuma ya anayezuia kuna nani. Nyuma ya beki kuna kipa na wenzake. Nyuma ya yule mama kuna watoto wenye madumu. Halafu nawauliza hao walio nyuma: mnajisikia mmelindwa? Mlinzi wa geti ataniambia ananilinda mimi. Sawa, lakini basi mniulize mimi.

Kombe lile lile la 1974 linatupa beki mwingine, wa kwetu: Mwepu Ilunga wa Zaire. Chui walikuwa wamefungwa 9-0 na Yugoslavia. Wakicheza na Brazil, wakiwa nyuma, Wabrazil walipata frikiki. Kabla haijapigwa, Mwepu akachomoka kwenye ukuta, akaubutua mpira mbali. Dunia ilicheka: eti Waafrika hawajui sheria za mpira. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba sheria alizijua vizuri. Alisema watu wa Mobutu walikuwa wamewatisha wasifungwe mabao zaidi ya matatu. Ukilijua hilo, ile picha inabadilika. Nyuma yake hapakuwa na nyavu tu, palikuwa na wenzake na safari ya kurudi nyumbani. Brazil hawakupata bao la nne. Ni mechi ngapi za maisha yetu watu wanazicheka bila kujua nani yuko nyuma yetu?

Vogts naye hakulipwa sifa. Mechi yake ya mwisho ya taifa, mwaka 1978 huko Córdoba, alijifunga bao, Austria ikashinda 3-2. Kuanzia 1990 akawa kocha wa taifa, akarithi timu iliyokuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1992 alifungwa fainali ya Ulaya na Denmark, na katika Kombe la Dunia la 1994 na la 1998 akatolewa robo fainali. Lawama zilimwandama. Lakini mwaka 1996 huko Wembley, wakiwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Wacheki, beki huyu wa zamani alimwingiza mshambuliaji kutoka benchi, Oliver Bierhoff, aliyesawazisha kisha akafunga bao la dhahabu. Ujerumani haikutwaa tena kombe la Ulaya wala la dunia hadi 2014. Kumbe anayejua kuzuia anajua pia saa ya kwenda mbele.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aliyezuia hana cha kuonyesha, na hapo ndipo thamani yake ilipo: alifanya jema akijua ushahidi hautapatikana. Ukisubiri ushahidi ndipo umshukuru, hutamshukuru kamwe.

Siku moja watoto wetu watatuuliza: miaka yote kambini mlifanya nini? Hatutakuwa na majengo ya kuwaonyesha. Tuwatajie yasiyotokea: binti ambaye hakuozeshwa mapema, jirani ambaye hakupigwa kwa sababu ya kabila lake, kijana ambaye hakurudi msituni kushika bunduki. Na kwa kila jambo ambalo halikutokea, tutaje jina la aliyesimama pale.