Moto ulio chini ya Kisaki

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa iliyopita nilitoka msikitini hapa Morogoro mjini nikanunua gunia la mkaa. Muuzaji akanisifia kuwa umeshushwa kutoka milimani. Nikaitazama Uluguru, nikaona haya. Misitu ile ndiyo chimbuko la mto Ruvu, na wenzetu wa Dar es Salaam hutawadhia maji yake.

Katika Suratul Waaqia, Allah (s.w.) anatuuliza kama ni sisi tulioumba mti wa moto tunaouwasha. Jibu letu limekuwa shoka.

Na upo moto mwingine aliotuwekea usiohitaji mti. Kule Kisaki, kusini mwa milima hiyo hiyo, maji hutoka ardhini yakiwa ya moto, na Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania (TGDC) imekuwa ikilichunguza eneo hilo. Kenya wanazalisha umeme wa mvuke Olkaria tangu 1981. Leo jotoardhi huwapa sehemu kubwa ya umeme wao. Sisemi Kisaki ni Olkaria, hilo litajulikana kwa kuchimba. Lakini amana haichunguzwi milele. Wenye mamlaka wataulizwa.

Nami je? Nyumbani kwangu umeme upo, na bado tunapikia mkaa kwa kuogopa bili. Mama watoto kaniuliza: gunia hili likiisha, tunanunua jingine? Sijamjibu.