Nyumba ya Wazee na Haki za Watu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu tumeulizwa mas-ala ambayo yawashughulisha sana watu wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Katika mtaa mmoja pana nyumba ya mawe na chokaa, yenye boriti na roshani, iliyojengwa na babu wa wenyewe. Mmoja katika wajukuu ataka kuivunja apandishe ghorofa za kupangisha. Watu wamegawanyika makundi mawili, na waliokuwa wakipeana mikono baada ya sala sasa wapitana kimya.

Kundi moja lasema: "Mali ni yake, mwacheni." La pili lasema: "Nyumba ya wazee haivunjwi, ina wenyewe, na aivunjaye hupatwa na balaa." Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yameanzia mwisho wa mas-ala, yakauacha mwanzo wake.

Ama hayo ya balaa, hatutayarefusha. Ukuta haudhuru wala haunufaishi, na anayeogopa jiwe amesahau ni nani wa kuogopwa. Akitaka kuitetea nyumba, anazo hoja za haki. Serikali iliutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ajengaye humo yampasa afuate kanuni zake, kwani Mwislamu hutimiza masharti. Tena nyumba ya chokaa yatengenezeka. Boriti iliyooza hubadilishwa, na ukuta hupakwa chokaa mpya, si saruji, ambayo huyafungia maji ndani ya mawe mpaka ukuta ukaharibika.

Lakini swali la kwanza ni hili: nyumba hii ni ya nani?

Babu alipokufa aliacha watoto. Je, mirathi iligawanywa? Katika nyumba nyingi za mji wetu jawabu ni kuwa haikugawanywa. Mtoto mwanamume alibaki ndani, dada zake wakaolewa mitaa mingine, miaka ikapita, na watu wakaizoea kuiita nyumba ya fulani. Mazoea hayahamishi milki. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa amewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika walichokiacha wazee wao, kiwe kidogo au kingi, na fungu hilo amelifaradhisha Yeye.

Tutoe mfano. Mtu amekufa akaacha wana wanaume watatu na wanawake wawili, wala hapana mrithi mwingine. Baada ya gharama za maziko, deni na wasia, mali yake hufanywa mafungu 8: kila mwanamume mafungu 2, na kila mwanamke fungu 1. Basi huyo asemaye "nyumba yangu" ana mafungu 2, na mafungu 6 ni ya wenziwe. Nao wakifa, mafungu yao hayafi. Huwahamia warithi wao. Mtu huyu ataka kuvunja mafungu manane hali yeye ana mawili!

Huenda akasema: "Mashangazi walisamehe." Je, waliambiwa fungu lao ni kiasi gani ndipo wakasamehe? Au waliona haya kudai, wakichelea kuambiwa kuwa wamemshitaki ndugu yao? Wanavyuoni wameihesabu mali inayochukuliwa kwa kumtia mwenyewe haya kuwa ni kama iliyonyang'anywa. Kunyamaza kwa mwanamke mbele ya kaka yake si hati ya kumpa mali.

Na hapa sisi wenye vilemba tusijitoe lawamani. Twaitwa katika khitima, twasoma, twala, twaomba dua, kisha twaondoka bila ya kuuliza mali ya maiti imegawanywa vipi. Lau kila matangani tungeuliza neno hilo moja, nyingi katika ugomvi huu zisingezaliwa.

Swali la pili: je, nyumba si wakfu? Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, basi haikuuzwa, haikutolewa hiba, wala haikurithiwa. Wazee wetu wa pwani walifuata mwendo huo, wengine kwa misikiti na wengine kwa vizazi vyao. Basi na zitazamwe hati kabla ya nyundo kuinuliwa. Kenya ina sheria ya kamisheni ya wakfu, na mirathi ya Waislamu husikizwa na Mahkama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 imeithibitisha.

Swali la tatu ni la jirani. Jibril alimuusia Mtume wetu juu ya jirani mpaka akadhani atamfanya mrithi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mwenye milki huitumia kwa namna ya ada, na akipita kiasi hudhamini alichokiharibu. Basi mitaani petu, penye nyumba zilizoegemeana, kuvunja moja bila ya kuishika ya pili ni kupita kiasi. Na dirisha la ghorofa ya nne likitazama uani, wanawake wa jirani wataanika wapi nguo zao? Na choo cha watu wa nyumba moja kikifanywa cha nyumba kumi, maji yatakwenda wapi?

Wala jirani naye asidhulumu. Kupangisha ni halali, na vijana wetu wanaooa hawana pa kukaa, wakihama mtaa na msikiti. Anayepinga kwa husuda, akaificha husuda yake ndani ya mapenzi ya mambo ya kale, naye ataulizwa.

Basi shauri letu ni hili. Warithi wote, wanaume kwa wanawake, na waitwe na wahesabiwe mafungu yao kwa kadhi. Hati zitazamwe. Majirani wasikizwe kabla ya ramani kuchorwa, si baada. Likibaki jambo la kujenga, na lijengwe kwa mali isiyo ya riba, kwa kimo kisichomfunua jirani. Na ikiwa mafungu ya mashangazi hayawezi kulipwa, nyumba na isimame kama ilivyo mpaka yalipwe. Ukuta mkongwe wastahimili kungoja. Dhulma haistahimiliki kaburini.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo za ndugu zetu hawa, na atujaalie tuwe wenye kumpa kila mwenye haki haki yake. Amin.