Kutu Haipakwi Rangi

Somo: Luka 13:6–9



Kuna swali ambalo huletwa ofisini kwangu kwa sauti ya chini, baada ya mlango kufungwa. Huletwa na mama ambaye kijana wake ameshindwa na pombe. Huletwa na mume ambaye ndugu yake amecheza kamari mpaka shamba la baba likauzwa. Huletwa na dada aliyemlipia mtu yule yule matibabu ya kuacha dawa za kulevya, sasa ni mara ya tatu. Maneno hutofautiana lakini swali ni moja: "Pasta, tutatumia pesa kwa huyu mtu mpaka lini?"

Wengi wanaouliza huona haya, kana kwamba kutaja pesa ni kukosa imani. Mimi sioni hivyo. Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na ninajua kwamba shilingi iliyoenda kwa mmoja ni karo ya mwingine iliyokosekana. Ni swali la haki na linastahili jibu. Wiki hii hebu nilijibu kwa kutumia gari bovu.

Mzee mmoja wa ushirika wetu, fundi mstaafu, anatengeneza Datsun 240Z nyumbani kwake, chini ya mabati nyuma ya jikoni. Vijana, kama jina hilo haliwaambii kitu, waulizeni baba zenu. Ni gari la michezo la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Japani walilitoa mwaka 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, Lofty Drews akiwa msomaji ramani wake. Enzi hizo mbio zilikuwa za Pasaka, na watu walitoka kusimama kando ya barabara kwenye matope au vumbi kuyaona magari yakipita. Mzee wetu alikuwa mmoja wao, akiwa kijana mdogo. Kwa hivyo anajua anachotengeneza.

Lakini alichonunua kilikuwa karibu mabaki. Gari lilikuwa limekaa chini ya mti miaka mingi. Majani yaliziba vile vitundu vya kutolea maji, maji yakalala ndani, na kutu ikaanza kula kutoka pale ambapo macho hayafiki. Chini ya betri tindikali ilikuwa imetoboa bati. Ukiketi mahali pa dereva, ungeona nyasi kati ya miguu yako.

Kila shilingi anayotumia anaiandika kwenye daftari la shule. Siku moja alinipa nipige hesabu. Jumla ilikuwa imepita mara tatu ya bei aliyonunulia, na rangi ilikuwa bado. Nikamwambia, "Mzee, kwa hesabu hii ingekuwa afadhali kununua lililo zima." Akasema, "Hesabu yako ni sawa, Pasta. Lakini hilo lililo zima si hili."

Tukiwa na picha hiyo, turudi kwenye swali letu.

1. Hesabu ni ya kweli, ila si yote

Katika mfano wa Yesu, mwenye shamba anapiga hesabu. Miaka mitatu amekuja kutafuta matunda kwenye mtini na hajapata. Tena mti unachukua nafasi ya ardhi ambayo ingezaa kitu kingine. Mpendwa, huyu mtu hakosei. Yesu hamwiti mwovu, na mtunza shamba habishani naye kuhusu ile miaka mitatu. Kwa hivyo ukiketi na bibi yako mkajumlisha kile ambacho kijana amewagharimu, hamtendi dhambi. Mnasema ukweli.

Tatizo ni pale tunapoiruhusu jumla iamue. Darasani tulifundishwa kwamba pesa iliyokwisha kupotea haifai kuamua hatua ya kesho, kwa sababu hakuna uamuzi unaoweza kuirudisha. Familia huvunja kanuni hii kwa njia mbili. Wengine husema, "Tumetumia nyingi mno, hatuwezi kuacha sasa." Wengine husema, "Tumetumia nyingi mno, hatuongezi hata senti." Unaona? Wote wawili wamemweka jana kwenye kiti cha hakimu. Mtunza shamba alifanya tofauti. Aliongea juu ya mwaka unaokuja: atachimba kuuzunguka mti, atatia mbolea. Alitaja kazi, na alitaja muda.

Kwa hivyo badala ya kuuliza tumetumia ngapi, ulizeni hivi: tulikuwa tunanunua nini?

2. Pesa ya rangi na pesa ya kukata

Kuna njia rahisi ya kutengeneza gari lenye kutu. Unapiga msasa juu juu, unajaza mashimo kwa pati, unasawazisha, unapaka rangi. Wiki moja na gari linang'aa. Mnunuzi asiyejua atalipa. Lakini kutu iko pale pale chini ya rangi, na bado inapata maji na hewa. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko kile chuma kilichoizaa, ndiyo sababu baada ya misimu michache rangi inafura kama ngozi yenye jipu, kisha inapasuka. Sasa shimo ni kubwa kuliko la kwanza, na pesa ya rangi imekwisha.

Njia ya pili haipendezi macho. Mzee anachukua grainda, anakata mpaka amepita kutu na kufika kwenye chuma safi. Lazima apite, manake huwezi kuchomelea bati jipya kwenye bati lililooza. Moto unalitoboa tu. Kwa miezi gari linaonekana baya kuliko siku lilipoletwa. Majirani wanafikiri analiharibu.

Wapendwa, familia nyingi zinazoniambia zimechoka kusaidia, zimechoka kupaka rangi. Kulipa deni la kamari kimya kimya ili baba asijue ni rangi. Kumpigia mkubwa wake wa kazi na kusema ana malaria, kumbe amelala na pombe, hiyo ni rangi. Kumfanyia harusi kubwa tukitumaini kwamba bibi atambadilisha, hiyo ni rangi, tena ya bei ghali, na tumempa binti wa mtu gari lenye pati. Pesa hizo hazikupotea kwa sababu upendo ni hasara. Zilipotea kwa sababu zilinunua sura.

Kukata ni kusema ukweli mbele yake na mbele ya wale walioumizwa. Ni kumpeleka kwa daktari na mshauri, kwa sababu uraibu ni ugonjwa pia, na maombi hayakatazi hospitali. Ni kumwacha akutane na mtu anayemdai.

Na kuna jambo jingine nililojifunza pale nyuma ya jikoni. Vyuma vidogo mzee huvitoa kutu kwa magadi. Anayeyusha magadi kwenye ndoo ya maji, anaingiza kile chuma chenye kutu na kipande kingine cha chuma, visigusane, kisha anaunganisha chaja ya betri, ule upande wa hasi kwenye kile chenye kutu. Anafanyia nje, kwa sababu ile hewa inayotoka huweza kushika moto. Baada ya saa kadhaa kutu inalegea na kutoka. Lakini kile chuma kilicholiwa hakirudi. Kilichobaki ni safi, lakini ni chembamba.

Msamaha ni kitu cha kweli. Damu ya Yesu inasafisha, wala sitapunguza neno hilo. Lakini akiba iliyouzwa, ini lililoharibika, imani ya watoto kwa baba yao, hivyo havirudi siku ya kuitikia mwito wa madhabahuni. Hivyo huungwa polepole. Hata mzee hachomelei bati moja kwa mpigo. Anaweka nukta hapa, nyingine kule, anangoja kipoe, kwa sababu bati jembamba likipata moto mwingi mara moja linajikunja. Aliyeokoka Jumapili usimkabidhi sanduku la sadaka Jumatatu, na usimkumbushe makosa yake kila jioni. Yote mawili ni moto mwingi.

3. Tegemeza kabla ya kukata

Kabla ya kukata mbavu za chini ya milango, mzee alichomelea mabomba ya chuma kukingama pale milango inapokaa. Nilimuuliza kwa nini anaongeza vyuma kwenye gari analotaka kupunguza. Akanieleza kwamba gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori. Mwili wenyewe ndio unaobeba mzigo. Ukikata mbavu bila kulitegemeza linapinda, na milango haitafunga tena maishani.

Sisi watu wa kanisa tuna haraka ya kukata. Tunamkemea mtu mbele ya watu, tunamtoa kwenye kwaya, tunamnyang'anya kila kitu, na hakuna aliyeweka bomba. Nani atakaa naye usiku ule wa kwanza? Nani atampigia simu siku ya mshahara, saa ile ya jaribu? Bibi yake na watoto watakula nini akiwa kwenye matibabu? Ukweli usio na mhimili hupinda mtu. Mtunza shamba alichimba kuuzunguka mti, akilenga mizizi bila kuikata.

Basi, mpaka lini?

Hapa mfano wa gari unaishia, kwa sababu gari halikatai. Mtu hukataa. Huwezi kukata kutu ya mtu asiyetaka, hata uuze kila kitu. Kwa hivyo jibu langu lina sehemu mbili.

Pesa ya rangi, acha leo. Usingoje mwisho wa mwezi. Pesa ya kukata, mpe anapokubali kukatwa, kwa kiasi ambacho nyumba yako inaweza, na kwa muda mliokubaliana. Kaeni kama familia mwandike: kiasi hiki, kwa kazi hii, mpaka tarehe hii. Mtunza shamba alisema mwaka mmoja. Upendo wake ulikuwa na kalenda. Na karo ya watoto isiguswe. Paulo anamwambia Timotheo, sura ya tano ya waraka wa kwanza, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani.

Je, muda ukiisha na hakuna tunda? Angalieni vizuri mtunza shamba anavyomaliza. Hasemi kwamba yeye mwenyewe ataukata mti. Anamwachia mwenye shamba. Kazi yake ilikuwa jembe na mbolea, na shoka hakuliomba. Ndugu, unaweza kufika mahali pa kuacha kulipa. Katika biashara, kumnyima mteja mkopo mpya si sawa na kufuta jina lake kwenye vitabu. Funga mfuko ikibidi, lakini namba yake ya simu usiifute, jina lake usilitoe kwenye maombi ya jioni, na sahani yake ibaki kabatini. Yesu hakutuambia kama ule mtini ulizaa mwaka uliofuata. Mfano unaishia mtunza shamba akiwa bado anauombea mti.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Taja msaada mmoja ambao familia yako imetoa mwaka huu. Ulinunua sura au ulinunua uponyaji?
2. Kuna mtu tuliyemkata bila kumtegemeza? Ni bomba gani tunaweza kuweka wiki hii?
3. Ni jina la nani umelifuta ambalo Mungu hajalifuta?

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kuacha kufunika, na mikono ya kutegemeza. Utupe hekima ya kujua kipimo chetu, na shoka ubaki nalo wewe. Kwa jina la Yesu. Amina.