Mbuzi wa Jirani na Sheria ya Shimo

Hapa Lodwar, na hata kule Kakuma, mbuzi wanazunguka kati ya nyumba na maduka. Sasa mbuzi wa jirani akiugua tumbo kwa taka niliyoitupa mimi, hiyo ni shida ya nani?

Wengi tunajibu haraka: "Si angemchunga mbuzi wake!" Fungua Kutoka 21:33-34. Mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia akafa, mwenye shimo analipa. Torati haiulizi pale ng'ombe alikuwa anatafuta nini huko. Haiulizi pia kama aliyechimba alikuwa na nia mbaya. Hakufunika, basi.

Na mbuzi anavyoumia ni hivi. Wakati wa kiangazi malisho hakuna, na karatasi ya nailoni iliyofungiwa chakula bado ina chumvi na harufu ya mafuta. Anaimeza. Haisagiki, haitoki, inajisokota na nyingine tumboni mpaka inakuwa donge. Anaacha kucheua, ubavu wa kushoto unavimba, mgongo unakonda huku tumbo limejaa. Kama ni gesi tu, ile ya kula majani mabichi mengi baada ya mvua, mafuta kidogo ya kupikia yaweza kusaidia. Mnyweshe polepole, usimwinue kichwa sana yasije yakaingia mapafuni, kisha umkande ubavu na kumtembeza. Lakini mafuta hayayeyushi nailoni. Hapo ni daktari wa mifugo ampasue, na gharama yake yaweza kushinda bei ya mbuzi mwenyewe. Kwa mama anayetegemea maziwa ya huyo mbuzi, hilo si jambo dogo.

Kumwombea ni vyema. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Lakini nimwombee mbuzi aliyeshiba taka yangu, kisha nirudi nyumbani nimwage nyingine? Maombi hayo nayaonea haya.

Kuna ugumu, nakubali. Shimo lina mwenyewe, na anajulikana. Karatasi ikishapeperushwa na upepo wa Lodwar haina jina. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, lakini pakiti za bidhaa bado zimejaa vichakani. Eti kwa kuwa mkosaji hajulikani, hakuna anayedaiwa?

Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Maiti imeokotwa shambani, muuaji hajulikani. Wazee hawakuambiwa waende zao nyumbani. Walipima umbali, na mji ulio karibu zaidi ukatoa mtamba wake. Nao hawakuua mtu! Basi mbuzi akifa kwetu, akapasuliwa na lile donge likaonekana, walio karibu ndio wamtafute mwenyewe, wamuulize amepoteza nini, na wachange.