Dirisha Lisilofunguka

Manyoni, treni ya zamani ikisimama, dirisha ndilo soko. Kuku wa kienyeji anapanda, asali ya Itigi inapanda, hela inashuka. Mara nyingine behewa linaanza kutembea hujalipwa, na abiria anakurushia noti. Mimi nimesomeshwa na noti hizo. Shangazi aliziokota kwenye kokoto za reli miaka 19.

Sasa inajengwa reli ya kisasa kutoka Makutupora kwenda Tabora. Sina ugomvi nayo. Reli ya Mjerumani ilifika Tabora 1912, imechoka jamani. Ila treni ya umeme, kama hii inayofika Dodoma tangu 2024, ina kiyoyozi na madirisha hayafunguki.

Fidia hulipwa mwenye shamba, nyumba, miti. Shangazi hakumiliki kitu pale, alikuwa anasimama tu. Je, kusimama mahali miaka yote hiyo hakumpi mtu haki yoyote? Nilimwambia labda stesheni mpya itamtengea kibanda. Akacheka: “Mwanangu, kibanda kina kodi. Na huyo abiria atashuka kufuata nini?”

Mwezi uliopita nilipanda treni hiyo ya Dodoma. Nikakaa dirishani, nikafurahia ubaridi, nikanunua maji kwa mhudumu.