Waliotangulia Walikuwa Paka

Agosti 1954 gazeti moja la mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani, lilichapisha habari fupi kutoka Modo, kitongoji cha wavuvi katika mji wa Minamata. Wakazi wa Modo walikuwa wameiomba manispaa iwasaidie kuangamiza panya. Panya walikuwa wamezidi mno, na sababu yake ilielezwa humohumo kwenye habari: paka wa kitongoji, waliokuwa zaidi ya 100, karibu wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa unaofanana na kifafa. Ombi likawa la panya. Vifo vya paka vilitajwa tu ili ieleweke panya wamepataje nafasi ya kutamba.

Ndugu msomaji, kila ninapoifikiria habari hiyo najiuliza mimi ningekwenda manispaa kuomba nini. Nahofia ningeomba sumu ya panya vilevile. Panya anakula akiba yako leo. Paka aliyekufa ameshakufa, atazikwa au atatupwa, na jirani ana mwingine aliyezaa juzi. Ndivyo tunavyofikiri tukiwa na shughuli nyingi, na ndiyo maana kisa cha Minamata kinatuhusu hata sisi tulio mbali na Japani.

Paka wa Minamata hawakufa kimyakimya. Walitetemeka, wakapepesuka, wakazunguka mahali pamoja, wakarukaruka na kujigonga ukutani. Wengine walitimua mbio mpaka ufukweni wakatumbukia baharini, na sote tunajua paka anavyoyakimbia maji. Watu wakauita ugonjwa wa paka wanaocheza ngoma. Hata kabla ya hapo dalili zilikuwa zimeanza. Samaki walionekana wakielea, wamelegea kiasi cha kuokotwa kwa mkono. Kunguru walianguka kutoka angani. Chaza walikufa miambani. Na samaki wale wa kuokota waliingia chunguni kama wengine, maana mvuvi hakatai riziki iliyomjia bila jasho.

Kwa nini paka watangulie? Paka wa mvuvi hula anachokula mvuvi, tena humzidi: vichwa, matumbo, mabaki ya wavuni, kutwa kucha ni samaki. Mwili wake nao ni mdogo. Sumu iliyomo katika kitoweo humfikia mapema na kwa kipimo kizito kuliko mwenye nyumba, ingawa chungu ni kimoja.

Sumu yenyewe ilitoka katika kiwanda cha Chisso, kilichokuwapo Minamata tangu 1908. Mwaka 1932 kilianza kutengeneza asetaldehidi, kemikali ya kutengenezea bidhaa nyingine nyingi, kwa kutumia zebaki kama kichocheo. Ndani ya mitambo sehemu ya zebaki ile iligeuka kuwa zebaki ya methili, na maji machafu yakamwagwa katika ghuba ya Minamata. Vijidudu vya baharini huinyonya, samaki wadogo hula vijidudu, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua sumu inazidi kulimbikizana. Haijulikani kwa harufu wala ladha. Haitoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Ikishaingia kwenye damu hupanda ubongoni, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Baadhi ya akina mama wa Minamata walionekana wazima kabisa, wakajifungua watoto ambao hawakuweza kushika shingo wala kusema.

Sisi tunaofuga paka hupenda kusimulia jinsi wanavyohisi mambo kabla yetu. Wapo wanaomng'ang'ania mgonjwa, wapo wanaomwamsha mwenye nyumba moshi unapoanza kujaa chumbani. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilieleza habari za paka aitwaye Oscar, aliyeishi katika makao ya wagonjwa na wazee ya Steere House, mjini Providence, Marekani. Daktari David Dosa aliandika kwamba Oscar alikuwa na desturi ya kupanda kitandani na kujilaza kando ya mgonjwa saa chache kabla ya mgonjwa huyo kukata roho, na kwamba wakati huo alikuwa ameshafanya hivyo kwa watu zaidi ya 25. Sababu haijathibitishwa, wengi hudhani ni harufu ya mwili unaoelekea kufa.

Linalonigusa mimi zaidi ya paka ni wauguzi. Walipomkuta Oscar amejikunja kando ya mgonjwa, walichukua simu wakawaita jamaa zake waje waagane naye. Hawakungoja kwanza waelewe paka amejuaje. Minamata watu walingoja, na gharama ya kungoja ikawaangukia watoto.

Aprili 1956 binti wa miaka mitano aliletwa katika hospitali ya kiwanda. Alikuwa hawezi kutembea sawasawa, maneno yanamshinda, degedege linamkamata. Siku mbili baadaye mdogo wake akaletwa na dalili zilezile, na mama yao akasema mtoto wa jirani naye anaumwa hivyohivyo. Tarehe 1 Mei mkuu wa hospitali, Dk. Hosokawa Hajime, akaiarifu ofisi ya afya kwamba kumezuka ugonjwa usiojulikana wa ubongo na mishipa ya fahamu. Wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba, waliambiwa mara kwa mara kwamba paka wa nyumba ile alishakufa kabla mtu hajaugua.

Kwanza ikadhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Nyumba za wagonjwa zikapigwa dawa, wagonjwa wakatengwa, majirani wakaanza kuwakwepa. Familia zilizopigwa na sumu zikabeba na aibu juu yake, na wengine wakaficha wagonjwa wao ndani. Wakati wote huo samaki wa ghuba waliendelea kuliwa.

Lakini kabla mwaka haujaisha, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walikuwa wameshasema kwamba hii ni sumu ya metali nzito inayowafikia watu kupitia samaki na kombe. Mwaka 1957 mkuu wa kituo cha afya cha Minamata, Dk. Ito Hasuo, alichukua paka wazima akawalisha samaki wa ghubani. Nao wakacheza ngoma ileile. Sijui onyo gani lingeweza kuwa wazi kuliko hilo. Serikali ya mkoa ikauliza wizarani kama inaweza kutumia sheria ya usafi wa vyakula kuzuia samaki hao wasiuzwe. Septemba jibu likaja: hakuna ushahidi wa wazi kwamba samaki wote wa ghuba wana sumu, hivyo sheria haiwezi kutumika. Nani angeweza kupima samaki wote wa bahari? Sharti lilikuwa limewekwa mahali ambapo hakuna mtu angelifikia, na chini ya sharti hilo samaki wakaendelea kuuzwa.

Mwaka uliofuata kiwanda kikahamisha bomba la maji machafu kutoka ghubani hadi kwenye mlango wa mto Minamata. Badala ya ghuba peke yake, sumu ikasambaa katika bahari ya Shiranui, na wagonjwa wakaanza kuonekana katika vijiji ambavyo havikuwa nao.

Ndipo tunafika kwa paka namba 400. Dk. Hosokawa, ingawa alikuwa mwajiriwa wa kampuni hiyohiyo, alikuwa akifanya majaribio yake kwa paka waliopewa namba. Julai 1959 alianza kumchanganyia paka namba 400 maji machafu ya mtambo wa asetaldehidi katika chakula. Tarehe 7 Oktoba paka yule akatetemeka, akapepesuka, akazunguka. Jibu lilikuwa limepatikana ndani ya ua wa kiwanda chenyewe. Wakubwa wa kampuni wakaizuia kazi hiyo isiendelee na matokeo yakafichwa.

Desemba mwaka huohuo kiwanda kilizindua kwa shangwe mtambo wa kusafisha maji, ambao haukuweza kuondoa zebaki ile. Kabla mwaka haujaisha wagonjwa walitiliana saini na kampuni mkataba wa fedha za pole, ndani yake mkiwa na kifungu kwamba hata siku moja ikijulikana kiwanda ndicho chanzo, hawatadai tena. Mwenye njaa na mgonjwa ndani hana nguvu ya kubishania kifungu. Aliyeandika kifungu kile alikuwa na paka namba 400 kwenye kumbukumbu zake. Mahakama ya Kumamoto iliutangaza mkataba huo kuwa batili, lakini hiyo ilikuwa 1973.

Mwaka 1965 ugonjwa uleule ukagunduliwa mkoani Niigata, kando ya mto Agano, ambako kampuni nyingine, Showa Denko, ilikuwa ikitengeneza asetaldehidi kwa zebaki. Serikali ya Japani ilikiri rasmi chanzo cha ugonjwa wa Minamata Septemba 1968, miezi michache baada ya Chisso kuacha uzalishaji ule. Dk. Hosokawa alitoa ushahidi wake wa paka namba 400 mwaka 1970, akiwa amelazwa hospitali kwa saratani, na mwaka huo huo akafariki. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata wanazidi 2,200, na makumi ya maelfu wengine walikuja kupewa fidia au nafuu ya matibabu. Kutoka habari ya paka wa Modo hadi tamko la serikali ilipita miaka 14.

Tusiseme hayo ni ya Wajapani. Mwaka 1981 huko Machakos, Kenya, watu 20 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa mkali wa ini, na 12 kati yao wakafa. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu. Katika eneo hilo njiwa na mbwa nao walikuwa wakifa. Mahindi yale hayakuwaua watu peke yao. Wanyama waliokuwa wakila kutoka ghala moja na watu walikufa pamoja nao. Mtu akiona njiwa wamelala chini uani, atasema ni kideri au wamelishwa sumu na jirani mwenye chuki. Ghala hatalifikiria, kwa sababu mtoto wake naye anakula kutoka humo, na wazo hilo ni zito kulibeba.

Nadhani hapo ndipo tunapojikwaa. Macho tunayo na paka tunamwona. Ila katika sababu zote zinazowezekana, tunaichagua ile isiyotutaka tuache kula tunachokula wala tugombane na anayetupa kazi. Minamata watu wengi walipata ugali wao, kama tusemavyo, kutokana na kiwanda kile, moja kwa moja au kwa kupitia biashara za mji. Ni vigumu kumsikiliza paka anayeshtaki mkono unaokulisha.

Zebaki kwetu ipo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita na Chunya, na Migori upande wa Kenya, huichanganya na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha huchoma lile donge ili zebaki iruke kwa mvuke. Wapo wanaochomea uani au jikoni, mama na watoto wakivuta. Inayomwagika husombwa na mvua hadi mitoni na ziwani, na huko bakteria wa matopeni wanaweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ileile ya Minamata. Nchi zetu zinalijua hilo. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa 2013 unaitwa Mkataba wa Minamata, na Tanzania, Kenya na Uganda zimeuridhia. Sisemi samaki wa ziwani wana sumu. Nasema anayechoma zebaki asichomee nyumbani, atumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na asimwage mabaki mahali ambapo maji ya mvua yanapita kuelekea mtoni.

Na kwa sisi tusiochimba: paka, kuku au njiwa wakianza kufa wawili watatu kwa kufuatana, tusianze na kuchimba shimo. Tumwite afisa mifugo wa kata, tumweleze walikula nini, walianza lini, na nani mwingine anakula chakula hicho. Chakula chenyewe tukiweke kando kwa ajili ya kupimwa, wala tusiwape mbwa. Paka anayetetemeka au kupepesuka tusimshike kwa mkono mtupu, kwa sababu inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Na ukimpeleka mtoto zahanati kwa degedege au miguu iliyokosa nguvu, huku nyumbani paka wako amekufa wiki iliyopita, mweleze daktari habari za paka bila kungoja akuulize.